Ndoo Kabla ya Mvua

Lukumani aliingia Soko Kuu la Tabora akiwa amekikumbatia kipaza sauti kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Kilikuwa kipaza sauti cha umbo la tarumbeta, cha kufungwa juu ya paa la gari, na tawi la mninga lilikuwa limekipiga njiani kutoka Kigwa hata mdomo wake ukakunjamana upande mmoja, mfano wa mtu aliyeng'ata ndimu. Watu walimpisha, kisha wakageuka kumtazama tena. Hawakuwa wakikitazama kipaza sauti. Walikuwa wakiitazama suruali yake ya bugaluu, iliyopanuka chini kama kengele na kufagia vumbi lote la soko, na shati lake la maua lenye kola iliyokaribia mabega. Huo ulikuwa mwaka wa kumi na moja wa Uhuru, mwezi wa saba, na mavazi ya namna hiyo yalikuwa bado hayajazoeleka mjini.

Alielekezwa kwa Mzee Abasi, fundi bati. Hakupata taabu kukijua kibanda, maana nyundo zilisikika kabla hakijaonekana. Ndoo na koroboi zilining'inia mlangoni, na ndani alikaa mzee mdogo wa umbo, kofia ya kiua kichwani, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nyuma ya mzee, msichana aliyejifunga kanga ya rangi ya zambarau aliinama juu ya jiko la mkaa akilehemu mkono wa birika. Jasho lilimng'aa puani. Alikitupia kipaza sauti jicho moja tu.

"Hiyo ni faneli ya mafuta ya taa?"

"Ni kipaza sauti, dada. Mimi ni mtu wa gari la sinema la serikali."

"Kimefanywa nini?"

"Kimegombana na mti."

"Na mti umeumia?"

Lukumani, ambaye kazi yake ilikuwa kusema, alikigeuza kipaza sauti akautazama mkunjo wake. Mzee Abasi alikohoa kuficha tabasamu.

"Msamehe, mwanangu. Zamda sikumzaa na ndugu wa kiume, basi ulimi wake umekua peke yake. Wewe mwenyeji wa wapi?"

"Kisarawe, mzee. Mzaramo."

Birika lilianguka. Zamda alisimama wima, mikono kiunoni, macho yakicheka kabla ya mdomo.

"Mzaramo! Baba, ametuletea Mungu! Mtani wetu huyu!"

Wakati ule utani ulikuwa na nguvu zake. Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara kutoka Tabora mpaka pwani, na Wazaramo waliwapokea mwisho wa njia. Katika kupokeana na kugombana huko wakawa watani, wao na wajukuu wao. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya kofia, kukucheka hata msibani, na kukasirika ilikuwa mwiko. Neno la mtani halikuwekwa moyoni.

"Babu yangu," Zamda alisema akimnyooshea kidole, "alibeba pembe ya ndovu miezi mitatu. Alipofika kwenu alimkuta babu yako amelala kwenye mkeka. Unajua alimwambia nini? 'Mbona umechelewa?'"

"Uongo huo," Lukumani alijibu. "Babu yangu hakuwa amelala. Alikuwa ngomani."

Ndipo aliposikia kicheko cha Zamda mara ya kwanza. Kilianza chini, kikasita kidogo kama mtu anayepapasa ngazi gizani, kisha kikapasuka hata wauza dagaa wa upande wa pili wakacheka bila kujua sababu. Kule kusita ndiko kulikomshika Lukumani. Alijikuta amezuia pumzi akingoja.

Mzee Abasi alikipiga nyundo kile kipaza sauti mpaka adhuhuri.

"Nimekinyoosha," alisema. "Lakini bati likishapinda halisahau. Kitasema, ila maneno mengine yatateleza."

*

Jioni ile, baada ya sala ya isha, uwanja wa Chemchem ulijaa. Kwanza ilionyeshwa sinema ya kilimo bora cha pamba, na watu wakaitazama kwa adabu kama wanaosikiliza hotuba. Kisha Lukumani akatangaza, "Na sasa, mabibi na mabwana, Bwana Ndoo!" na kelele zikapanda.

Ulikuwa mkanda wa zamani, mweusi na mweupe, uliotengenezwa mkoloni angali nchini. Picha zilijaa mikwaruzo kama mvua, na sauti yake ilikuwa imekwisha liwa na miaka. Kwa hiyo Lukumani ndiye aliyesema badala ya watu wote waliomo, mke na mume, jirani na mbuzi. Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mume mmoja, mwenye masharubu makubwa, aliapa kwamba hatabeba maji maishani mwake, kwa kuwa hiyo ni kazi ya wanawake. Siku moja mkewe akaenda kumuuguza mama yake, mtungi ukakauka, na bwana akashikwa na kiu. Kwa kuogopa kuchekwa, alijifunga kanga za mkewe, akajitanda mpaka puani, akaenda kisimani na ndoo kichwani. Njiani akakutana na bwana mtanashati mwenye baiskeli, akapendwa.

"Dada mzuri," Lukumani alisema kwa sauti nzito ya yule mtanashati, "mzigo huo mkubwa kwa shingo laini kama yako. Nikutue?"

"La, kaka," alijibu kwa sauti nyembamba ya Bwana Ndoo, "mimi ni mke wa mtu."

"Nionyeshe uso tu, niondoke."

Hapo ndipo ndoo ilipoinama, maji yakamwagika, kanga ikadondoka, na masharubu yakatokeza yakichuruzika. Uwanja mzima ulilia kwa kicheko. Juu ya kicheko chote hicho Lukumani alikisikia kimoja, kilichoanza chini, kikasita, kikapasuka.

Mwisho wa mkanda, mume aliyekwisha aibika anabeba ndoo mchana kweupe bila kanga wala kujificha, na mkewe, aliyerudi safari, anampokea mlangoni na kumtua. Wazee walisema sinema ile ina mafunzo. Wanawake walitazamana tu.

*

Jenereta la gari lilikuwa linasubiri kifaa kutoka Dar es Salaam, na kifaa kilichelewa. Katika wiki tatu za kukingoja waliazima umeme wakaonyesha sinema Chemchem, Ng'ambo na Isevya, na kila jioni Zamda alikuwapo.

"Umekwisha iona mara saba," Lukumani alimwambia. "Hujachoka?"

"Nakuja kumwona Bwana Ndoo. Yule ndiye mwanamume."

"Na mimi je?"

"Wewe ni sauti yake. Mwili wake ukoje, sijui."

Mchana alikwenda kibandani na kila sababu aliyoweza kuitunga: skrubu, waya, kibiriti. Alasiri Zamda alipokwenda Chemchem kuchota maji, alimsindikiza, na walirudi wakitaniana njia nzima, yeye Zamda na ndoo kichwani, shingo imenyooka, maji hayatikisiki. Na Lukumani pembeni, mikono mfukoni.

"Nyie mnakula michembe ya viazi asubuhi, michembe jioni," Lukumani angesema. "Ndiyo maana vichwa vyenu vigumu kubeba mizigo."

"Na nyie ngoma ikilia mnaliacha jeneza barabarani."

Wakifika mlangoni kwao Zamda alisimama na kusema neno moja: "Nitue." Alikwisha mweleza mara ya kwanza kwamba kwao neno hilo ni zito. Mpagazi aliyekuwa na mzigo kichwani akisema nitue, hata adui yake alisimama na kumpokea. Lukumani alimtua kila siku, akiishika ndoo kwa ncha za vidole, mbali na shati lake.

Hatimaye kifaa kilifika. Siku ya kuamkia safari ya Nzega, wakiwa mlangoni, ndoo imekwisha kutuliwa, Lukumani alisema, "Zamda, nataka kukuoa."

"Unaoa au unaota, mtani?"

"Naoa."

Zamda alicheka, kisha akaacha. Alifuta maji usoni kwa upindo wa kanga, akamtazama.

"Lukumani," alisema, "nenda Chemchem mchana kweupe. Jaza ndoo, ibebe kichwani, pita nayo barabara ya soko watu wote wakikuona, uilete mpaka kibandani kwa baba. Mimi mwenyewe nitakutua. Na uje kabla ya mvua ya kwanza. Mvua ikinyesha kila mtu anakinga maji ya bati lake, ndoo yako haitakuwa na kazi. Tena baba amemwambia Saidi, yule wa asali wa Kigwa, asubiri jibu mpaka mvua."

Lukumani alitafuta jibu la haraka, kama alivyozoea kutafuta.

"Nitabeba," alisema, "lakini na wewe ukae humo ndani ya ndoo, nipate sababu ya kulalamika!"

Zamda alicheka tena. Asubuhi, gari la sinema lilipokwisha kushika barabara ya Nzega, ndipo Lukumani alipokumbuka kwamba kicheko kile hakikusita mahali popote. Kilikwenda moja kwa moja mpaka mwisho.

*

Katika vijiji vya Nzega watu walimpenda Bwana Ndoo kama walivyompenda Tabora. Kila jioni ndoo iliinama, masharubu yakachuruzika, watu wakaangua kicheko. Na kila jioni Lukumani alinyamaza kidogo mahali palepale, akiacha nafasi. Kicheko alichokiachia nafasi hakikuja.

"Mbona unakatisha maneno pale?" Modest, dereva wake, alimwuliza. Alikuwa Mhaya wa makamo, mwenye mke na watoto Bukoba na maoni juu ya kila kitu.

"Napumua."

"Unapumua kwa jina la nani?"

Wakati wa mchana, gari likipita katikati ya miombo iliyopukutika, alitafakari maneno ya mlangoni. Alikuwa amesema naoa, akajibiwa kwa kisa cha sinema. Hivyo ndivyo mtani anavyomkataa mtani, alijisemea: kwa kumchekesha, asione haya. Lakini usiku, akilala, alikumbuka kwamba Zamda alimwita Lukumani. Wiki zote tatu alikuwa mtani, mtu wa faneli, shingo laini. Jina lake alilitamka mara moja tu. Jambo hilo lilimnyima usingizi.

Mwezi wa nane, akiwa Nzega mjini, alikwenda Posta kuomba simu ya Tabora, kwenye duka la ushirika lililotazamana na kibanda cha Mzee Abasi. Alingoja tangu saa tatu mpaka karibu saa sita, hata huko Tabora Zamda akaitwa kutoka kibandani.

"Tabora, ongea!" opereta alisema.

"Haloo! Zamda?"

"Nani wewe?"

"Mimi! Mtani wako!"

"Ninao watani wengi. Yupi?"

"Wa kipaza sauti kilichopinda!"

"Aaa! Yule wa mikono mfukoni!" Sauti yake ilikuwa mbali, kana kwamba imefunikwa kwa chungu, lakini ilikuwa yeye. Lukumani aliufinya mkono wa simu. "Hujambo, mikono mfukoni?"

"Sijambo. Nimekukumbuka, mpenzi."

"Sema kwa nguvu. Kuna watu hapa wamepanga mstari wa sukari, nao wanataka kusikia."

"Nimesema nimekukumbuka!"

Alisikia watu wakishangilia Tabora. "Wamesikia," Zamda alisema. Kisha akashusha sauti, na upepo wa waya ukaingia kati. "Lukumani, sikiliza. Ile... ndoa iko tayari. Baba ameitengeneza mwenyewe. Imebaki..."

"Dakika tatu zimekwisha," alisema opereta, na simu ikafa.

Lukumani alibaki ameushika mkono wa simu mpaka mtu wa nyuma yake alipomgusa bega. Ndoa iko tayari. Baba yake ameitengeneza mwenyewe. Alimwona Saidi wa Kigwa, ambaye hajapata kumwona, akiwa na kanzu nyeupe na mitungi ya asali. Na yeye alikuwa amepiga kelele za mapenzi mbele ya mstari mzima wa sukari, kwa mchumba wa mtu. Alirudi garini, akaketi, akajifungia mlango.

"Vipi?" Modest aliuliza.

"Twende Igunga."

"Igunga ni wiki ijayo."

"Basi twende popote."

Hakupiga simu tena. Barua isingeweza kumkuta, maana hakuwa na anwani zaidi ya gari. Mwezi wa tisa ukaisha na wa kumi ukaenda, nchi ikakauka, ng'ombe wakatembea mwendo wa siku nzima kutafuta maji, na wanawake wakaamka alfajiri kungojea visima vijae. Lukumani aliwaona kila mahali, shingo zimenyooka, na kila shingo ilimwumiza. Jioni aliyasema maneno ya Bwana Ndoo yote bila kuacha nafasi. Watu walicheka, lakini Modest alitikisa kichwa.

"Sinema ni ileile," alimwambia, "ila wewe sasa unaisoma kama tangazo la mazishi."

*

Katikati ya mwezi wa kumi na moja walikuwa Choma, nchi ya wafugaji. Mawingu yalikuwa yamekwisha anza kujikusanya kila alasiri na kutawanyika. Sinema ilipomalizika, watu walipokuwa wakiokota vigoda vyao, bibi mmoja aliyeitwa Minza alikuja mpaka kwenye gari, akasimama mbele ya Lukumani kama mtu aliyekuja kudai haki.

"Shikamoo, mayu," Lukumani alimwamkia, kwa neno la kumwita mama alilojifunza kwa Wasukuma.

"Marahaba. Mwanangu, sinema yako nzuri, nimecheka mpaka mbavu zinauma. Lakini mmetudanganya."

"Tumewadanganya nini?"

"Ulitangaza Bwana Ndoa. Tumekaa mpaka mwisho tukingoja harusi. Harusi iko wapi? Yule ana mke tangu mwanzo!"

Watu walicheka. Lukumani naye akacheka. "Si ndoa, mayu. Ni ndoo. Ndoo ya maji. Bwana Ndoo."

"Aaa! Ndoo!" Bibi Minza alipiga makofi. "Basi hilo bomba lako la juu linasema ndoa. Sisi wote huku nyuma tumesikia ndoa. Si kweli, jamani?"

"Kweli!" waliitikia. "Ndoa!"

Lukumani alikuwa bado anacheka mdomo ulipobaki wazi. Aliitazama midomo ya bibi yule. Ndoo. Ndoa. Aliyarudia maneno ya simu taratibu, moja moja, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Ile ndoo iko tayari. Baba ameitengeneza mwenyewe. Fundi bati. Imebaki...

Imebaki kubebwa.

Alimshika Bibi Minza mikono miwili, akamshukuru mara tatu, na bibi akaenda zake akisema mtu wa sinema ana wazimu mzuri. Kisha akamkimbilia Modest aliyekuwa akikunja kitambaa cha kuonyeshea sinema.

"Kaka, nipe siku mbili. Nakwenda Tabora kubeba ndoo."

"Kufunga ndoa?"

"Ndoo!"

"Ndiyo maana nauliza, ndoa na nani?"

"Vyote viwili, kaka, Mungu akipenda! Mvua haijanyesha Tabora?"

Modest alilitazama wingu lililokuwa likimulikamulika upande wa kusini, akaacha maswali. "Lori la pamba linaondoka alfajiri," alisema. "Na hiyo bugaluu yako ikunje, itakwama kwenye ngazi ya lori."

*

Alifika Tabora siku ya pili saa nane mchana. Mbingu ilikuwa ya rangi ya risasi ya kulehemia, na hewa imesimama. Hakupita sokoni. Alikwenda moja kwa moja Chemchem, akawakuta wanawake kwenye foleni ya maji.

"Shikamooni, mama zangu. Nani ataniazima ndoo?"

Walimtazama juu mpaka chini. "Wewe si yule wa sinema?" alisema mmoja, mama mnene aitwaye Tatu. "Unataka ndoo ya nini?"

"Ya kubebea maji mpaka kwa Mzee Abasi."

Foleni nzima iliangua kicheko. "Mzaramo huyo! Anawatania Wanyamwezi!" Tatu alifuta machozi. "Ndoo yangu sikupi. Lakini kuna debe hapa, linavuja."

"Linavuja sana?"

"Ukiwahi, utafika na kitu."

Walimpisha mbele ili wapate kuona. Walimjazia debe, wakamkunjia ngata ya kanga kuukuu, wakamtwika. Shingo ilizama mabegani. Hatua ya kwanza ilimmwagia maji usoni, ya pili mgongoni, na tundu la debe likaanza kumtiririshia kwenye shati la maua, chururu, chururu, bila kupumzika. Lukumani alikwenda. Alijua sasa kwamba wiki tatu nzima msichana alitembea hivi pembeni yake, na bado akapata pumzi ya kutania.

Kwenye barabara ya soko watu walitoka madukani. "Bwana Ndoo! Bwana Ndoo amekuja mwenyewe!" Wauza karanga waliacha karanga. Mafundi cherehani walisimama mlangoni na futi shingoni. "Kanga umeiacha wapi?" "Masharubu yako yako wapi?" "Tangu Uhuru sijaona utani wa namna hii!" Mji mzima ulimcheka kwa furaha, ukamfuata nyuma kama msafara, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba anaona kitu kingine zaidi ya utani. Tone moja zito likaanguka kwenye vumbi mbele ya mguu wake. Kisha lingine. Lukumani aliongeza mwendo.

Kibandani Zamda alikuwa amesimama, kanga ileile ya zambarau, nyundo mkononi. Juu ya kichwa chake ilining'inia ndoo moja mpya, imefungwa uzi mwekundu, imekaa hapo miezi mitatu, maana Zamda alimkatalia kila aliyeitaka. Kwenye benchi aliketi mtu wa makamo mwenye kanzu safi na uso mpole, kibuyu cha asali miguuni pake. Lukumani hakuhitaji kuambiwa ni nani.

Umati ulicheka. Zamda hakucheka. Alimtazama tu.

Saidi alitoa kiganja nje ya paa, kwa upole, kama mtu asiyetaka ugomvi. "Mzee wangu," alisema, "naona mvua imeanza."

Mzee Abasi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alitoka nje ya paa, akamzunguka Lukumani, akainama chini ya debe, akalitazama tundu kwa muda mrefu kama anavyotazama kazi ya mtu mwingine.

"Debe hili linavuja," alisema. "Mshono wote umekwisha. Maji haya ni ya debe."

"Na tone hili lililoniangukia mkononi, mzee?"

"La debe, Saidi. Mimi ni fundi wa kazi hii miaka arobaini. Mvua bado."

Saidi aliutazama mkono wake uliolowa, akamtazama Zamda, ambaye hakuwa akimwona. Alikuwa mtu mwerevu. Aliuweka mkono mfukoni.

"Ukisema wewe fundi," alijibu taratibu, "basi bado."

Maji yalimwingia Lukumani machoni asiweze kuyafuta. Alikuwa na sauti ya Bwana Ndoo na ya mtanashati, ya mbuzi na ya mke, sauti ambazo mkoa mzima ulizijua. Alizungumza kwa ile yake mwenyewe, ambayo karibu haikusikika.

"Zamda," alisema. "Nitue."

Nyundo ilianguka. Zamda alikuja, akainua mikono yote miwili, akalishika debe kwa viganja vizima bila kujali nguo, akalipokea. Kwa nukta moja walikuwa wamelishika wote wawili, uso kwa uso, na maji yakiwatiririkia.

"Niliisikia ndoa," Lukumani alisema. "Kwenye simu. Nilisikia baba ametengeneza ndoa."

"Miezi mitatu?" alinong'ona Zamda. "Miezi mitatu mimi nafuta vumbi kwenye ndoo, wewe umesikia ndoa?"

"Waya, mpenzi."

"Masikio, mtani."

Aliishusha ile ndoo mpya, akakata uzi mwekundu kwa meno, akamimina ndani yake maji yaliyobaki. Yalilia kwenye bati kavu, yakatulia. Hayakufika hata nusu.

"Kumbe ndiyo haya?" aliuliza. "Chemchem yote ulikotoka, umeniletea haya?"

"Mengine nimeyavaa."

Zamda aliitazama bugaluu iliyoshikana na miguu, na lile shati la Dar es Salaam, maua yake yote yamelala. Kicheko kilianza chini. Kikasita. Lukumani alisimama kimya na kukiachia nafasi, kama alivyofanya jioni zote zile katika vijiji vya Nzega. Na kilipopasuka, mvua ya kwanza ya mwaka ule ilishuka kwa pamoja juu ya mabati yote ya soko.